Mkia Umefika

Jumatatu, 4 Novemba

Daftari hili ni wazo la Mama. Jana alinisikia nikimfokea Kaka kwenye simu, akaniambia, "Mwanangu, hasira hasara. Ukiwa na la kumwambia kaka yako, liandike kwanza, lala nalo, asubuhi lisome. Likiwa bado la maana, mwambie." Haya, Mama, naandika. Kaka yangu ni mpumbavu. Nitalala nalo, na asubuhi litakuwa bado la maana.

Kisa chenyewe hiki. Kampuni yetu ni ya watu watatu. Kaka anaongoza mbele, mimi ni fundi na nafunga nyuma, Dereva anabeba mizigo na maji kwa gari, akipita barabara ya lami. Tunawatembeza wageni kwa baiskeli siku nane: miji mitatu ya kale, kuta na malango na vichochoro vya kubanana mabega, na kati ya mji wa pili na wa tatu ni jangwa tupu. Wageni huwa kumi, kumi na wawili. Saa moja baada ya kuondoka wameshatawanyika kilomita nne nzima, kila mtu na pumzi zake. Kwa hiyo tuna nguzo na mkia. Njia inapogawanyika, Kaka anamnyooshea kidole aliye nyuma yake: "Nguzo!" Huyo anashuka, anasimama pale pale, anawaelekeza wenzake, wala haondoki mpaka amwone mwenye kizibao cha njano. Mwenye kizibao ndiye mkia, na mkia ni mimi. Mkia akifika, wote wamefika, hakuna haja ya kuhesabu vichwa. Na mkia akitaka kutoka, anakivua, anamvisha mwingine kwa mkono wake. Utaratibu huu niliutunga mimi, msimu wetu wa kwanza, tulipompoteza mgeni mji wa pili, tukahangaika saa mbili, tukamkuta kwa kinyozi ananyolewa ndevu.

Jana kwenye simu, na leo tena ana kwa ana, Kaka anasema msimu huu mkia ufutwe.

"Wageni wanalalamika kusimama kwenye kona, mdogo wangu. Siku hizi kila mtu ana ramani kwenye simu."

"Na jangwani, ambako simu ni tochi tu?"

"Wewe unapenda kubishana."

"Na wewe unapenda kukimbia. Akipotea mtu utamrudishia nani?"

Tumebishana mpaka Dereva akatoka nje kwenda kuosha gari lililokuwa safi. Mwishowe Kaka akakubali mkia ubaki, shingo upande, kama mtu aliyelazimishwa kumeza dawa.

Jumamosi, 9 Novemba

Safari ya kwanza. Pancha nne, mnyororo mmoja. Wote wamefika.

Alhamisi, 21 Novemba

Upepo wa usoni kutwa. Kaka huko mbele anawasimulia wageni habari za wafalme waliojenga ukuta wa mji wa kwanza. Nusu ya habari hizo anazitunga pale pale. Mwezi huu mfalme mmoja ameshakufa mara tatu: kwa sumu, kwa upanga, na leo kwa mapenzi. Wageni wakapiga makofi. Mimi niliyekuja nyuma na mama mmoja anayetapika, nikimsukuma mgongoni kwa mkono mmoja kilomita sita, hakuna aliyenipigia hata kofi la kuua mbu.

Ijumaa, 13 Desemba

Mgeni mmoja ameandika maoni yake kwenye mtandao, na Kaka akatusomea kwa sauti tukiwa tunakunywa chai: "Kiongozi ni mcheshi na mkarimu. Yule mwanamke wa nyuma ni mkali." Akacheka peke yake. Dereva akaangalia kikombe chake.

Mkali! Huyo mgeni nilimkataza kunywa maji ya kisima chenye mjusi aliyekufa. Angekunywa, angeandikia maoni yake chooni.

Jumatano, 15 Januari

Dereva amekuja na gari hadi nilipo: "Fundi, unaitwa mbele. Gia ya mgeni imegoma." Huko mbele yuko mtu anaitwa kiongozi, ana mikono miwili na mfuko wa spana niliompangia mwenyewe. Lakini bosi anaogopa grisi kwenye kucha. Nikavua kizibao, nikamvisha mwalimu wa hesabu, jamaa mwenye miguu isiyochoka, nikamwambia, "Kuanzia sasa mkia ni wewe. Usimpite mtu hata kama amekaa chini anafunga kiatu." Akaifanya kazi vizuri. Nilipofika mbele, ile gia ilitaka kukazwa skrubu moja. Moja!

Jumanne, 11 Februari

Leo sikusema na Kaka. Siku nzuri.

Alhamisi, 27 Februari

Joto limekuja mapema. Saa nne asubuhi usukani hauguswi bila glavu. Nimemwambia Kaka safari ya mwisho tuiahirishe, au tuondoke alfajiri na tulale saa tano. Akasema wageni hawakuja kulala. Nimeitwa mbele mara tatu wiki hii. Mara tatu nimevua kizibao, nimemvisha mtu. Kila mara namwambia Kaka, "Jifunze kufunga waya wa breki, mwanamume mzima!" na kila mara ananijibu, "Kwani wewe kazi yako nini?" mbele ya wageni. Kaka yangu aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kunishika kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Safari ya mwisho. Wageni kumi na mmoja. Yupo binti mmoja, mwembamba, mwenye kasi ya kumtia Kaka wazimu wa furaha, na amemleta baba yake kama zawadi ya kustaafu. Mzee ana miaka sitini na tisa. Alikuwa karani wa posta miaka thelathini na tano. Kofia yake pana ina kamba ya kufunga kidevuni, na maswali yake hayana mwisho.

"Fundi, nguzo anasimama upande wa kulia au wa kushoto?"

"Wowote, mzee wangu, mradi uonekane."

"Na nikisimama, naruhusiwa kukaa?"

"Kaa, lala, cheza. Usiondoke tu mpaka umwone mwenye kizibao cha njano."

"Kama kizibao kimejaa vumbi, kimepoteza rangi?"

Nikamwambia atanijua kwa sura mbaya. Akaandika! Ana kijitabu mfukoni, akaandika. Siku nane na mtu huyu, nitapasuka.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee wa Kofia ameniudhi tena. Kila mapumziko anaondoka wa kwanza, kabla ya Kaka, kwa sababu anajua ni wa polepole na hataki kungojwa. Kwa hiyo kila njia panda iliyo karibu na mapumziko, Kaka anamkuta hapo, na nguzo ni yeye. Anasimama wima, mkono umenyooka kuelekea njia sahihi, kama aliyepakwa gundi. Nikimfikia ananiambia, "Wamepita kumi, Fundi. Wewe ni wa kumi na moja," ndipo anapanda. Wageni wadogo wanamcheka kichinichini. Nami nilicheka kidogo.

Kwa kweli ni nguzo bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Sikumwambia.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali ya mji wa tatu. Ni asubuhi, nesi ameniambia nitoke nimpishe. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Jana saa tatu na nusu tulipumzika kwenye nyumba ya wasafiri iliyobomoka, katikati ya jangwa. Mzee akaondoka wa kwanza, kama kawaida. Kaka akamfuata na wenye kasi. Mimi nikabaki na dada wawili, ndugu wa tumbo moja, nikiziba pancha ya mmoja wao. Nusu kilomita mbele njia inagawanyika. Kulia kunakwenda kwenye mahema yetu. Kushoto kunakwenda kwenye machimbo ya chumvi yaliyoachwa, na baada ya hapo hakuna kitu.

Saa nne Dereva akaja kwa njia ya gari: "Fundi, kaka yako anakuita. Breki ya binti imekatika mteremkoni."

Waya wa breki! Ule ule niliomwambia ajifunze! Nilihisi damu imenipanda kichwani. Nikatupa spana ndani ya gari, nikawaambia wale dada wawili, "Fuateni nguzo, mtafika," nikapanda, nikabamiza mlango hadi Dereva akafumba macho. Gari likarudi kwenye lami, likazunguka. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Kaka. Niliyapanga vizuri sana.

Na nilimwambia. Nikiwa nafunga waya, nikamwambia. Tulipofika kwenye mahema saa sita, nikaendelea. Chakula kikaandaliwa, bado namwambia, naye ananijibu, wageni wanajifanya kutazama vilima. Saa saba kasoro wale dada wawili wakaingia, wekundu kama nyanya. Kaka akageuka, akaniona nimesimama pale, akapiga makofi.

"Mkia umefika! Wote tumefika. Haya, tule, kila mtu akapumzike."

Wakala. Wakaingia kwenye mahema. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu hatuhesabu. Mkia akifika, wote wamefika.

Saa tisa Dereva alikuwa anapitisha mabegi. Nilimsikia anauliza hema kwa hema, "Begi hili la nani?" Akaja kwetu, amelishika mkononi. Nilimwona Dereva kila siku tangu Novemba kama mtu wa kulala na kula. Akaniuliza taratibu, "Fundi, Mzee wa Kofia yuko wapi?"

Binti akatoa kichwa hemani. "Si amelala?"

Hema la mzee lilikuwa na godoro lililokunjwa, halijaguswa.

Mmoja wa wale dada akasema, "Tulimkuta njia panda. Tukamwambia twende, akasema anangoja kizibao cha njano. Tulipofika hapa tukakuona umekivaa, tukadhani umempitia na gari."

Nikajitazama kifuani.

Kilikuwepo. Nilikuwa nacho tangu asubuhi. Nilikula nacho.

Dereva aliendesha kwa namna ambayo sikujua gari lile linaweza. Tulimkuta pale pale njia panda, amelala ubavu, kofia usoni, chupa tupu mkononi. Baiskeli aliisimamisha kwa mawe, akaitundikia shati apate kivuli, lakini jua lilikuwa limehama na kivuli kimehama nalo. Hakukifuata. Kingemtoa hatua sita kutoka kwenye kona. Na chini, kwenye mchanga, alikuwa amepanga mawe yakawa mshale mkubwa, unaoelekea kulia. Binti alipiga yowe moja tu, kisha akamshika baba yake miguu na mimi nikamshika mabega.

Figo zimeumia. Daktari anasema saa arobaini na nane ndizo zitakazosema.

Ijumaa, 14 Machi

Yu hai. Hajafungua macho.

Jumamosi, 15 Machi

Amefungua macho. Niliruhusiwa kuingia dakika mbili. Midomo yake imepasuka, akanena kwa shida: "Fundi, samahani. Nimewasumbua. Nilikosea wapi?"

Nikamrekebishia shuka.

"Nilipanga mawe," akasema. "Nilijua nitaanguka. Nikasema, Fundi akija asije akapotea."

Nesi akanitoa. Nimekaa kwenye ngazi za hospitali, nimelia hadi mfagiaji akaniletea kiti. Kisha nikakasirika. Kaka ndiye aliyenitoa mkiani. Kaka ndiye aliyekataa kuahirisha. Kaka, Kaka, Kaka. Nitamla mbichi.

Jumatatu, 17 Machi

Ofisi ya leseni za utalii inataka taarifa ya maandishi, sahihi mbili, ya kiongozi na ya mkia. Kaka ameshaiandika na ameshatia sahihi yake. Akanisukumia karatasi mezani ofisini kwetu, kile chumba chenye baiskeli zimening'inia darini, bila kunitazama.

Nikasoma: "Mgeni aliacha njia iliyoelekezwa, kinyume cha maelekezo ya kampuni."

"Hiki nini?"

"Tia sahihi."

"Mzee hakuacha hata sentimita! Mtu amekaribia kufa kwa kutii, wewe unamwandika mkaidi? Huna haya? Unajiokoa kwa mgongo wa mgonjwa?"

Nilisema mengi. Nilimtajia breki, joto, wafalme wake wa uongo, kila kitu kilichomo kwenye daftari hili. Akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kizibao kilikuwa kifuani kwa nani?"

Nikairudisha karatasi mezani.

"Nikiandika kwamba mzee hakukosea, aliyekosea ni nani? Mimi nilikuita, kweli. Nimekuita mara ngapi msimu huu? Kila mara unakivua. Ukitukana, unakivua. Siku hiyo hukukivua. Leseni itakayofutwa ni yako, na huenda wakakupeleka mahakamani. Wewe unadhani najiokoa mimi?" Akainuka, akaenda kuyashika magurudumu yaliyoning'inia, akayazungusha bila sababu. "Sina mdogo mwingine."

Nikatoka.

Mama akapiga simu jioni. Kaka kamweleza. "Tia sahihi, mwanangu. Mzee wa watu ni mgeni, ataondoka, atasahau. Damu nzito kuliko maji." Nilimkatia simu mama yangu mzazi. Sijawahi.

Jumanne, 18 Machi

Nimelisoma daftari hili lote, kama Mama alivyotaka. Miezi minne. Kila ukurasa Kaka hivi, Kaka vile, na mengi ni kweli, siyafuti. Lakini utaratibu wa kizibao ni wangu. Ulipigwa vita, nikaupigania, nikashinda. Aliyeuvunja si yule aliyeupinga. Niliuvunja mimi, kwa kuwa nilikuwa na haki, na nilikuwa na haraka ya kwenda kumwonyesha mtu kwamba nina haki.

Hata hasira yenyewe leo sijui niielekeze wapi. Nimepiga teke ndoo ya spana, nimeumia kidole cha mguu. Vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeandika taarifa yangu. Nusu ukurasa. Nimeandika kwamba kiongozi aliniita, kwamba niliitika, kwamba nilipanda gari nikiwa nimevaa kizibao bila kumkabidhi mtu. Nimeandika kwamba mgeni alifuata maelekezo yote, kwa saa tano, juani.

Afisa aliisoma mara mbili. "Unajua ukinipa hii sitaweza kukurudishia?"

"Najua."

"Na kaka yako anajua?"

"Atajua."

Jumatatu, 24 Machi

Leseni yangu imefungwa misimu miwili. Kampuni imesimamishwa mpaka ukaguzi, na Kaka ameitwa kujieleza kwa taarifa ya uongo. Alikuja hadi mlangoni kwangu, uso umemvimba. "Umejichinja mwenyewe, ukanichinja na mimi. Umefurahi?" Nikamwambia sijafurahi. Akasimama pale kama anayetafuta tusi la kutosha, hakulipata, akaondoka kwa miguu. Nilitaka kumwita. Ningemwambia nini?

Mama hapokei simu zangu.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee ametolewa hospitali, yuko kwa binti yake. Dereva alinipa anwani, akaniambia, "Nenda mchana, akiwa na nguvu." Nilikwenda mchana. Ghorofa ya pili, sebule ndogo, dawa zimepangwa kwenye sinia juu ya kabati. Mzee amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Figo moja haitarudi.

Alifurahi kuniona. Hicho ndicho kilichoniumiza. Akaanza, "Fundi, nimefikiri sana, labda nilisimama kona isiyo yenyewe..."

"Mzee," nikamkatiza, "hukukosea popote. Nilipanda gari na kizibao. Nilikuwa nimekasirika, nikakusahau. Nimeiandikia ofisi hivyo hivyo."

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nawaza atakavyonishika mkono aniambie yameisha, mwanangu. Ni mtu mpole.

Akanitazama. Kisha uso wake ukabadilika.

"Saa tano," akasema. "Saa tano nzima, Fundi! Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa najilaumu! Nikasema nimesahau maelekezo, nimezeeka, nimemwaibisha mwanangu mbele ya wenzake. Kila nilipoona vumbi nikasimama. Nikasimama! Na wewe ulikuwa unakula?"

"Ndiyo, mzee."

"Unakula!" Akapiga mkono wa kiti. Binti akaja mbio kutoka jikoni, "Baba, presha, tafadhali," mzee akamfukuza kwa kidole. "Niache! Nimekuwa mpole miaka sitini na tisa, niache leo nigombe!"

Akagomba. Maneno mengine sitayaandika, ni yake na yangu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Alipochoka akaegemea nyuma, anahema.

"Ofisini umeandika jina lako?"

"Nimeandika."

"Basi nenda zako. Sijakusamehe."

"Najua, mzee."

"Nikipona nitalifikiria." Akafumba macho. "Sasa sijapona."

Nikawaaga, nikatoka.